Moshi, Moshi

Miaka kumi na mmoja nimefungua vifua vya Probox
hapa Barabara ya Obote, nyuma ya ghala la molasi,
na kila nikigeuza ufunguo, kabla injini haijakohoa,
mwanamke aliyemo dashibodini hunena:
Kaado ga sonyu sarete imasen.
Sauti ya maji ya mtungi. Haikasiriki
hata gari likija Kisumu likivutwa kwa kamba.

Wateja huniuliza, Fundi Wandera, huyu mama asemaje?
Nami, kwa kuwa fundi hakosi jibu,
huwaambia: anakutakia safari njema.
Mwalimu Nyangweso humwitikia mpaka leo,
Asante, nawe pia.

Jumanne, mvua imetoka kunyesha,
akaja mwenye lugha yake.
Kurihara, mzee wa mpunga kule Ahero,
magotini tope la skimu,
kofia imefungwa kidevuni kwa kamba ya kiatu.
Kiingereza chake maneno sita, changu kiliishia darasa la saba,
na Kiswahili chake kilikuwa "maji" na "bado".

Gari lina nini?
Akafikiri. Akashika usukani wa hewa, akakata kona:
Gara-gara-gara.
Au kwara-kwara? nikauliza.
Akakataa kwa kichwa. Gara-gara. Halafu, akipunguza mwendo:
koto... koto...
Bushi ya mbele, kushoto.
Daktari gani hupewa maelezo safi namna hiyo?

Tukafanya kazi, yeye kashika tochi, anasimulia.
Kila neno lake likitua juu ya irabu
kama la kwetu, halibaki mguu hewani,
nami nikiitikia ee, ee,
hadi nikajikumbusha kwamba sielewi.

Ndipo simu yake ikalia, akaipokea kwa sauti kuu:
Moshi, moshi!

Sikungoja. Boneti juu, ndoo ya mchanga,
mwanafunzi wangu Onditi kang'oa waya wa betri,
jirani wa kuziba pancha kaja mbio na gunia bichi,
tukasimama wote tunanusa
hewa safi.
Mzee kaduwaa, simu sikioni.
Onditi akapandisha vidole angani: moshi! Uko wapi?

Akatazama ndoo. Akatazama gunia.
Akaigonga ile simu kwa ukucha, taratibu,
kama mtu aliye mlangoni kwa watu:
moshi moshi.
Ahaa. Hodi!
Kumbe kwao hodi hufuka.

Alicheka mpaka akakalia tairi.
Nami, kwa kuona mlango u wazi,
nikatoa Kijapani changu chote, kwa lafudhi ya yule mama:
Kaado ga sonyu sarete imasen.

Kicheko kikakatika.
Alinitazama kama niliyemtajia kichochoro cha kwao.
Akaokota spana, akachora topeni:
barabara, kizuizi, gari dogo.
Akatoa kadi ya benki, akaichomeka
kwenye ufa wa sanduku langu la zana.
Piip. Mkono wake ukainuka, gari likapita.
Akaichomoa. Mkono ukashuka, ukakaa chini.
Imasen, akasema. Imasen.

Hayo tu.
Miaka yote hiyo mama wa watu anadai kadi
ya kulipia barabara asizoziona tena.
Heri asingalinieleza.

Saa kumi Mwalimu Nyangweso akaja kuchukua gari lake.
Akageuza ufunguo, mama akasema yake,
mwalimu akajibu yake. Kisha akamwona mgeni.
Eti mzee, wewe ni wa kwao:
kweli anatutakia safari njema?

Kurihara alidaka neno moja tu, safari.
Akanitazama.
Mimi nikatazama spana.
Akavua kofia, akainama hadi kiunoni mbele ya lile gari.
Safari, akasema, akakwama,
jicho lake likinitafuta.
Nikamchezea midomo bila sauti: nje-ma.

Njema, akasema.